Shufwa au witiri: dadu mbili za Mwanjelwa zinavyokula hela za watu

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, ile baridi ya Mbeya ambayo hata ukivaa makoti mawili bado unatafuta kajua ka kuota, nilikuwa napita Mwanjelwa kununua mchele nikakuta watu wamejazana kwenye kona. Kijana kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele yake kuna mfuniko wa sufuria, kikombe cha plastiki na dadu mbili, moja nyeupe na moja nyekundu iliyofifia. Mchezo wenyewe ni rahisi: unatikisa, unamwaga kwenye mfuniko, unazidisha namba mbili zilizotoka. Jibu likiwa witiri anakupa buku (elfu moja), likiwa shufwa anachukua jero yako (mia tano).

"Namba ziko aina mbili tu wakuu, witiri na shufwa, nusu kwa nusu, na mimi nalipa dabo, sasa mnaogopa nini?"

Nilisimama pale kama robo saa hivi (mchele ulinisubiri), kondakta mmoja wa kosta akaliwa jero saba na kula buku mbili tu, akaondoka anasema leo kaamka vibaya. Hakuamka vibaya. Mimi kazi yangu ni kufundisha takwimu chuoni hapa hapa Mbeya, na huo mchezo ni swali ambalo huwa nawapa vijana wa mwaka wa kwanza wiki ya pili, na wengi wao huwa wanaliwa vile vile kama kondakta, tofauti ni kwamba wao wanaliwa maksi.

Tukumbushane kidogo, shufwa ni namba inayogawanyika kwa mbili bila kubaki kitu, 2, 4, 6 na kuendelea, witiri ni zile zinazobakisha moja. Na sifuri ni shufwa jamani, hili swali naulizwa kila mwaka, sifuri ukiigawa kwa mbili hakibaki kitu basi imeisha hiyo.

Sasa dadu moja ina nyuso sita, tatu witiri na tatu shufwa, kwa hiyo ukirusha moja kweli ni nusu kwa nusu, hapo kijana hajadanganya. Ila yeye anazidisha. Na kwenye kuzidisha, shufwa ni kama pilipili kwenye mboga, ikiingia moja tu sufuria zima linawasha. Tatu mara nne ni 12, shufwa. Tano mara mbili ni 10, shufwa. Ili upate witiri lazima dadu ZOTE mbili ziwe witiri. Dadu nyeupe ina njia 6, nyekundu ina njia 6, jumla njia 36, na zote zina nguvu sawa. Zile ambazo zote mbili ni witiri ni 3 mara 3, yaani 9 tu, zilizobaki 27 ni za yule kijana. Wewe unashika robo, yeye robo tatu.

Chukulia umecheza mara 36 na mambo yakaenda kawaida, unashinda mara 9 unapata 9,000, unaliwa mara 27 zinaondoka 13,500, umepungukiwa 4,500, ambayo ukiigawa kwa 36 ni shilingi 125 kila unapotikisa kikombe. Ile "dabo" anayokulipa haitoshi, ingebidi akulipe mara tatu, yaani 1,500, ndo mngekuwa sawa. Na akiongeza dadu ya tatu ndo kabisa, witiri inabaki moja ya nane.

Kosa hapa liko wapi? Watu wanahesabu MAJINA ya matokeo badala ya kuhesabu njia. Majina ni mawili, shufwa na witiri, basi mtu anasema nusu. Kwa mtindo huo hata mvua ya Tukuyu, kule Rungwe kwenye mvua nyingi, kesho itakuwa nusu kwa nusu, kwa sababu itanyesha au haitanyesha, mwambie hivyo mtu wa Rungwe uone atakavyokucheka.

Ila msijione wajinga, maana hili kosa limewaangusha watu wazito. Mwaka 1754 kule Ufaransa d'Alembert, mwanahisabati mkubwa kabisa wa wakati wake, aliandika kwamba ukirusha sarafu mara mbili, uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni theluthi mbili. Hoja yake ilikuwa kwamba kichwa kikitoka mara ya kwanza mchezo umeisha, kwa hiyo kuna matokeo matatu: kichwa mwanzoni, mkia halafu kichwa, mkia halafu mkia, mawili kati ya matatu yanakufaa. Kumbe hayo matatu hayana uzito sawa, lile la kwanza peke yake limebeba nusu nzima. Jibu sahihi ni robo tatu, na ukiangalia vizuri ni ile ile robo tatu ya kijana wa Mwanjelwa, weka tu "shufwa" mahali pa "kichwa".

Zaidi ya miaka mia moja nyuma ya hapo, Galileo, yule mwanasayansi wa nyota, naye aliletewa swali la wacheza dadu wa Italia. Wao walikuwa wanarusha dadu tatu na wanajumlisha, na wameona kwa macho yao kwamba 10 inatoka mara nyingi kidogo kuliko 9, wakati ukiorodhesha michanganyiko kila moja inayo sita. Galileo akakaa akahesabu njia moja moja, akakuta 9 ina njia 25 na 10 ina njia 27 kati ya 216. Mchanganyiko wa 3, 3, 3 una njia moja tu lakini 2, 3, 5 una njia sita. Mimi kinachonishangaza sio hesabu yake, ni wale wachezaji, tofauti ya 2 kwenye 216 na waliiona, hiyo ni mikesha mingi sana juu ya meza.

Kuna fumbo lingine ambalo darasani huwa linaleta ugomvi wa kweli. Kijana amefunika dadu na kikombe, amechungulia, anakwambia ukweli mtupu: "angalau moja ni shufwa." Uwezekano kwamba zote mbili ni shufwa ni kiasi gani? Wengi wanasema nusu, si imebaki moja tu haijulikani. Hapana. Njia zenye angalau shufwa moja ni 27, na kati ya hizo zenye shufwa mbili ni 9, jibu ni theluthi. Lakini kikombe kikiinuka kidogo ukaiona ile nyekundu imelala na 4, basi nyeupe ni nusu kwa nusu kama kawaida, maana sasa unajua ni IPI. Habari zinafanana kabisa ukizisikia haraka haraka ila jibu linabadilika kutokana na namna ulivyozipata.

Na kina mama wa mchezo wa upatu, hili lenu. Mko kumi, mnachomoa vikaratasi vya 1 mpaka 10 kwenye kofia. Je, namba mbili za kwanza zikijumlishwa zitakuwa shufwa au witiri? Safari hii sio nusu, kwa sababu karatasi ikitoka hairudi. Ya kwanza iwe yoyote ile, kwenye tisa zilizobaki nne ni za aina yake na tano ni za aina nyingine, na aina mbili tofauti zikijumlishwa ni witiri, kwa hiyo witiri ina tano ya tisa. Dadu haziishi namna hiyo, kwenye dadu mbili jumla ni nusu kamili.

Halafu hii nusu ya jumla ni ngumu kuichakachua, hapa ndo hisabati inaponifurahisha. Hata dadu moja ikiwa imechongwa inatoa 6 kila siku, ile nyingine ikiwa nzima basi jumla inabaki nusu kwa nusu, maana chochote itakachotoa ile iliyochongwa, dadu nzima ina nyuso tatu za kuifanya jumla shufwa na tatu za kuifanya witiri.

Nikamwambia yule kijana baada ya watu kupungua, badilisha, acha kuzidisha, jumlisha, lipa jero kwa jero, hata mteja akija na dadu yake aliyoikwangua wewe huibiwi. Akaniangalia, akapuliza vidole kwa baridi, akacheka.

"Sasa mwalimu, hapo mimi ntakula nini?"