Je, wajua kwa nini samaki aliyekaangwa akaiva bado anaweza kukuwasha mwili?

Kwenye soko la samaki la Bagamoyo, kibua anaweza kutoka mnadani na kuingia kwenye karai la mafuta papo hapo ufukweni. Anakaangwa mpaka anakauka, na mnunuzi anamla angali wa moto. Vijidudu vingi havihimili mafuta yale. Hata hivyo wapo ambao muda mfupi baada ya kula huiva uso, hugongwa na kichwa, moyo ukaenda mbio na ngozi ikawawasha kama waliopita kwenye upupu. Wengi hutoka hapo na hukumu moja: mimi nina aleji ya samaki. Huenda hawana.

Kinachowasha ni kemikali iitwayo histamini. Ndiyo hiyo hiyo ambayo mwili wetu huitoa mtu anapopatwa na aleji, ndiyo maana dalili zinafanana. Nyama ya kibua, jodari, nguru na dagaa ina histidini nyingi, ambayo ni mojawapo ya vijenzi vya protini. Samaki akishakufa, bakteria waliokuwa kwenye matamvua na utumbo wake huhamia kwenye nyama, na kimeng'enya chao, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemikali, huigeuza histidini kuwa histamini. Changu na chewa wana histidini kidogo, kwa hiyo si rahisi wakuletee balaa hili, ingawa nao huoza kama samaki yeyote.

Sasa lililo zito: moto huua bakteria, lakini histamini hauiondoi. Ikishajengeka ndani ya nyama, ukaange, uchemshe, uchome, ukaushe kwa moshi, ugandishe, hata uweke kwenye kopo, inabaki. Haina harufu wala rangi. Limau na chumvi tunazompaka samaki huku pwani hupunguza shombo, na mapishi yakawa matamu kweli, ila histamini haziigusi. Kwa hiyo usafi wa karai, wa mikono na wa sahani, pamoja na umuhimu wake wote, unakuja wakati jambo hili limeshaamuliwa kwingine.

Limeamuliwa huko baharini, kwenye chombo cha mvuvi. Saa huanza kuhesabiwa samaki anapokufa, wala haingoji ngalawa ifike pwani. Jarife, yaani wavu wa kutega, likiwekwa jioni na kuvutwa alfajiri, samaki aliyenasa mapema ameshakaa usiku mzima amekufa ndani ya maji yetu ya vuguvugu, kabla dalali hajamtia machoni. Mwongozo wa usalama wa samaki wa Marekani unataka samaki wa aina hizi, pale hewa au maji yanapozidi nyuzi 28 za Selsiasi, awekwe kwenye barafu haraka iwezekanavyo, na isizidi saa 6 tangu afe. Mchana wa Bagamoyo huvuka nyuzi hizo bila shida. Jua likimpata samaki kwenye sakafu ya mashua, kisha akamwagwa mchangani na kungoja bei, saa hizo 6 si nyingi.

Dawa yake ni barafu, na iwe ya kutosha. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto linaloweza kushusha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 80 hadi 0. Samaki wetu hana joto la nyuzi 80; mbona basi kwenye nchi za joto hushauriwa kilo nzima ya barafu kwa kila kilo ya samaki? Kwa sababu sehemu kubwa huliwa na joto linalopenya boksi lenyewe. Barafu iliyopondwa humgusa samaki pande zote, ilhali bonge moja juu ya rundo huwaacha wa chini na joto lao. Kumtoa matamvua na utumbo mapema kunasaidia pia, mradi asuuzwe kwa maji safi. Nasema wazi: mvuvi anayebeba barafu kwenda nayo baharini anastahili bei nzuri kuliko asiyebeba, na sisi wanunuzi ndio wa kuitoa. Tuzoee kumuuliza muuzaji: huyu kavuliwa lini, na barafu kaipata wapi?

Nyumbani, samaki mbichi aende moja kwa moja kwenye ubaridi, na ukimtoa kwenye friza mpike asikae mezani mchana kutwa, maana kimeng'enya kilicholala kwa baridi huamka barafu ikiyeyuka. Ukiona nyama inakuchoma ulimi kama yenye pilipili na hukuitia, acha kula.

Kuhusu aleji, tazama waliokula nawe. Aleji humpata mwenye nayo, na humrudia kila alapo samaki wa aina ile. Histamini inaweza kuwapata wengi waliokula sinia moja, kisha wiki ijayo wakala kibua mwingine salama. Kwa kawaida dalili huisha ndani ya siku moja, na vidonge vya aleji huzituliza. Pumzi ikibana, au uso na ulimi vikivimba, nenda hospitali mara moja, umweleze daktari ulikula samaki gani, ulikula lini, na wenzako wana hali gani.