Draivu ya kuchoma Blu-ray: video ya HD ikitakiwa kubaki HD

Draivu ya kuchoma Blu-ray ni kifaa cha kompyuta kinachoandika data kwenye diski za Blu-ray kwa mwanga wa leza. Kwa umbo inafanana na draivu ya DVD, na nyingi huchoma DVD na CD vilevile. Kinachoitofautisha ni leza yake, na leza hiyo ndiyo inayoamua kama video ya harusi iliyopigwa kwa kamera nzuri itafika sebuleni na ubora wake wote.

Watu wengi hupata hasara hapa bila kujua. Kamera ya HD hurekodi picha yenye nukta 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni 2 kwa kila fremu. Fundi akiichoma iwe DVD ya kawaida ya kuchezwa kwenye deki, programu hulazimika kuishusha hadi nukta 720 kwa 576, maana hapo ndipo DVD ya PAL, mmoja wa mifumo ya picha za TV, inapoishia. Kinachobaki ni sehemu moja tu ya tano ya nukta zote. Nakshi za kanga, maandishi ya keki, nyuso za wageni waliokaa viti vya nyuma, vyote hufifia. Kamera haina kosa, mpiga video hana kosa. Picha imepunguzwa wakati wa kuchoma. Kwangu mimi si haki mteja alipie video ya HD, akabidhiwe DVD, asiambiwe kwamba HD yenyewe haimo ndani.

DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7. Leza yake ni nyekundu, yenye wimbi la nanomita 650. Blu-ray hutumia leza ya buluu-zambarau ya nanomita 405, na kwa kuwa wimbi hilo ni fupi, mwanga wake huweza kukusanywa kwenye kidoa kidogo zaidi. Hivyo mistari ya data husogezwa karibu: kwenye DVD imeachana kwa mikromita 0.74, kwenye Blu-ray 0.32 tu. Diski ya ukubwa ule ule ikapata nafasi ya gigabaiti 25 kwa tabaka moja na 50 kwa matabaka mawili. Zipo pia za BDXL, zenye gigabaiti 100 au 128. Ndiyo maana hakuna programu ya kuigeuza draivu ya DVD iwe ya Blu-ray. Leza inayohitajika haimo.

Kamera nyingi za nyumbani zilirekodi kwa mfumo wa AVCHD, ambao Sony na Panasonic waliutangaza mwaka 2006. Kiwango chake cha juu cha mwanzo kilikuwa megabiti 24 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, diski ya gigabaiti 25 inabeba video ya saa mbili na dakika kumi na kitu. Shughuli nzima, kuanzia ndoa hadi ukumbini, ikihaririwa vizuri huenea humo.

Kuna njia ya katikati: kuchoma AVCHD juu ya diski ya kawaida ya DVD. Picha inabaki HD, ila kwa megabiti 18 kwa sekunde unapata kama dakika 35 tu, na diski hiyo haichezi kwenye deki ya DVD. Inataka deki ya Blu-ray inayokubali AVCHD. Kwa sherehe fupi ya kuzaliwa mtoto inafaa.

Ukienda kununua draivu, soma maandishi yake kabla ya bei. Zipo zinazosoma Blu-ray lakini zinachoma DVD na CD tu, na muuzaji asiyejua ataiita "ya Blu-ray" kwa nia njema kabisa. Ikiwa imeandikwa BD-ROM au BD Combo, haichomi Blu-ray. Unayoitaka iwe na alama ya BD-R au BD-RE. Kasi kubwa iliyoandikwa kwenye boksi isikutie tamaa, kwa sababu draivu hufikia kasi ile inapokaribia ukingo wa nje wa diski tu. Kwa laptopu ambazo siku hizi hazina draivu ya ndani, draivu ya nje ya USB inatosha. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, usiipitishe kwenye kigawanyo cha USB, maana kuchoma kunakula umeme kuliko kusoma. Ikija na waya wenye vichwa viwili vya USB, chomeka vyote viwili.

Diski nazo si moja. BD-R huchomwa mara moja tu, BD-RE hufutwa na kuandikwa upya. Kati ya BD-R, zile za bei rahisi zenye alama ya LTH hutumia rangi ya kikaboni kama DVD, na baadhi ya deki za zamani hazizisomi. Kwa kumbukumbu ya familia ningeziacha, nichukue za kawaida zisizo na alama hiyo. Ukipata chapa nzuri nunua akiba, kwa sababu Sony ilisitisha utengenezaji wa diski za Blu-ray za kurekodia Februari 2025.

Kuchoma kwenyewe kuko kwa namna mbili, na hapa ndipo watu hukwama. Ukinakili mafaili tu kama unavyoyaweka kwenye flashi, umepata hifadhi nzuri, lakini deki ya sebuleni huenda isiyatambue. Ili deki icheze, video ipangwe kwanza kwa muundo wa Blu-ray, wenye folda iitwayo BDMV. Programu ya bure ya tsMuxeR hupanga muundo huo bila kuishusha picha, kisha ImgBurn huuchoma. Kumbuka kwamba Windows haiji na programu ya kucheza filamu za Blu-ray, kwa hiyo kompyuta ikikataa kuicheza usiharakishe kuilaumu diski.

Chagua kasi ya wastani. Kwa 4x, gigabaiti 25 huchukua kama dakika 23, ukiongeza muda wa kuhakiki, hatua ambayo programu husoma ilichoandika na kulinganisha na faili la awali. Usiiruke. Laptopu iwe kwenye chaja na betri iwe na chaji, kompyuta ya mezani iwe na UPS (betri ya akiba ya umeme), kwa sababu umeme ukikatika katikati, BD-R hiyo ni ya kutupa. Ukimaliza, ishike diski kwenye kingo. Data ya Blu-ray imekaa milimita 0.1 tu chini ya uso, na ingawa uso huo umepakwa utando mgumu, hakuna haja ya kuujaribu.

Kabla ya kuchoma nakala za wazazi na wakwe, choma moja kwenye BD-RE, mpelekee yule mwenye deki ya zamani kuliko wote, muitazame mpaka mwisho. Ikigoma, futa, badilisha mpangilio, rudia kwenye diski ile ile.