Bangi, ngono zembe na saa 72 ambazo vijana wanazipoteza

Bangi inahusiana vipi na afya ya uzazi?
Bangi ni kilevi. Kemikali yake iitwayo THC hudhoofisha uwezo wa ubongo wa kupima hatari, na hapo ndipo kondomu husahaulika. Kwa kijana anayelala stendi au sokoni, ambaye msokoto hupewa bure na mtu mzima mwenye lake jambo, madhara makubwa ni yale anayofanyiwa akiwa amelewa.

Je, huongeza nguvu za kiume?
Hapana. Uvutaji wa mara kwa mara umehusishwa na kupungua kwa mbegu za kiume.

Nilifanya ngono bila kondomu nikiwa nimelewa. Nisubiri dalili?
Usisubiri. Dawa za kinga dhidi ya VVU, yaani PEP, ni lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyokinga vizuri zaidi. Utapimwa kwanza, kisha utazimeza kila siku kwa siku 28. Msichana aulizie pia P2, yaani vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, siku hiyohiyo.

Lakini siumwi, na mwenzangu anaonekana mzima.
Narudia: usisubiri. VVU havionekani usoni, na kisonono na klamidia mara nyingi hukaa kimya kwa wasichana huku vikiharibu mirija ya uzazi. Wanaofika kwetu wiki ya pili, baada ya kunywa maji ya limau na vidonge vya rangi mbili walivyonunua dukani kwa kukisia, tunaweza kuwapima na kuwatibu magonjwa mengine ya zinaa, lakini PEP hatuwezi tena kuwapa.

Nilipima kesho yake, nikaambiwa sina.
Majibu hayo yanaeleza hali yako ya kabla ya tukio, kwa kuwa kipimo cha haraka hakiwezi kuona maambukizi ya jana. Anza dawa, kisha rudi kupima kwa tarehe utakazopangiwa. Hapa pia jibu ni lilelile: usisubiri.

Naogopa muuguzi ataita polisi kwa sababu navuta.
Hofu hii inatugharimu wagonjwa wengi. Unachomweleza mhudumu kuhusu bangi ni siri ya matibabu, naye anakihitaji ili akuhudumie ipasavyo. Tena, tangu 2019 sheria ya Tanzania inamruhusu mwenye miaka 15 kupima VVU bila ridhaa ya mzazi. (Mhudumu anayemkaripia kijana mlangoni naye ajue kwamba huyo hatarudi.)

Na kama sikuridhia?
Mtu aliyelewa hadi hajitambui hawezi kuridhia, hata kama msokoto aliuvuta kwa hiari yake. Nenda hospitali kabla ya kuoga na kufua nguo ulizovaa. Fomu ya polisi, PF3, inahitajika kwa ajili ya kesi, lakini isicheleweshe PEP, kwa sababu saa 72 zinahesabiwa tangu tukio lilipotokea. Mtoto anayehitaji msaada anaweza kupiga simu namba 116 bila malipo.