Je, wajua kwa nini Mkatoliki anayelilia Misa ya Kilatini huishia kwenye parokia ya Mashariki?

Mfikirie Mkatoliki aliyezoea kusali Misa ya Kilatini ya zamani. Padre anaelekea altare, sala ya Ekaristi inasomwa kwa sauti ya chini kiasi kwamba unasikia watu wakipumua, na Komunyo inapokelewa kwa kupiga magoti, mdomoni. Kisha linatoka tangazo kwamba Misa hiyo haitaadhimishwa tena katika kanisa hilo. Baada ya miezi kadhaa unamkuta mtu yuleyule amesimama wima mbele ya ukuta uliojaa ikoni, yaani picha takatifu, anasikiliza Kiarabu au Kislavoni, lugha ya kale ya ibada ya Waslavi, na anapokea kwa kijiko mkate uliotiwa chachu na kuchovywa katika divai iliyowekwa wakfu. Hapo hakuna Kilatini hata neno moja. Amefikaje?

Safari yenyewe ilianza mbali. Mwaka 1570 Papa Pius V alitoa kitabu cha Misa kilichotumika kwa karne nne, kikifanyiwa marekebisho madogomadogo. Toleo lake la mwisho ni la mwaka 1962. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima (1962–1965), Papa Paulo VI alitangaza kitabu kipya mwaka 1969, na kwa sehemu kubwa ya dunia Misa ya zamani ikatoweka. Mwaka 2007 Benedikto XVI aliwaruhusu mapadre kuitumia kwa uhuru mkubwa. Julai 2021 Papa Fransisko aliufunga mlango huo karibu wote. Kwa barua yake Traditionis Custodes aliwapa maaskofu mamlaka ya kuiruhusu au kuikataa, akaagiza isiadhimishwe katika makanisa ya parokia, na mapadre wapya wanaotaka kuiadhimisha wakalazimika kuombewa kibali Roma. Februari 2023 Vatikano ikafafanua kwamba hata ruhusa ya kutumia kanisa la parokia haimo mikononi mwa askofu peke yake.

Ndipo wengi walipokumbuka kwamba Kanisa Katoliki si la Kilatini tu.

Chini ya Papa mmoja kuna Makanisa 24 yenye uongozi, sheria na liturujia zao. Moja ni la Kilatini, ambalo Wakatoliki wengi kabisa duniani wamo ndani yake bila hata kulijua kwa jina. Mengine 23 ni ya Mashariki: Wagiriki-Wakatoliki wa Ukraine (“Wagiriki” kwa liturujia, si kwa taifa), Wamaroni wa Lebanoni, Wamelkiti, Wakaldayo, Wasiro-Malabari wa India, Wakoptiki Wakatoliki wa Misri, na Makanisa ya Ethiopia na Eritrea yanayosali kwa mapokeo ya Kige'ez, kutaja machache. (Sisi huziita liturujia hizi “madhehebu”, neno linaloweza kupotosha, kwa sababu hapa halimaanishi kutengana.) Tusiwachanganye na Waorthodoksi. Ibada zao zaweza kufanana kiasi cha mgeni kushindwa kuzitofautisha, lakini Waorthodoksi hawako katika umoja na Roma, na Mkatoliki hawezi kwenda kwao kupokea sakramenti kama aendavyo parokia ya jirani.

Kwa upande wa sheria hakuna kikwazo. Kanuni ya 923 ya kitabu cha Sheria za Kanisa inamruhusu Mkatoliki yeyote kushiriki Ekaristi na kupokea Komunyo katika madhehebu yoyote ya Kikatoliki, na ya 1248 inasema wajibu wa Dominika unatimizwa kwa kushiriki Misa popote inapoadhimishwa kwa madhehebu ya Kikatoliki. Hahitaji barua ya paroko wala kibali cha askofu. Hili lina uzito kwa mtu ambaye njia yake nyingine ingekuwa Shirika la Mtakatifu Pius X, lililoanzishwa na Askofu mkuu Marcel Lefebvre mwaka 1970. Huko Misa ya zamani ipo, ila tangu Lefebvre aweke wakfu maaskofu wanne bila idhini ya Papa mwaka 1988, kila anayekwenda huko hubeba swali kuhusu hali ya shirika hilo ndani ya Kanisa. Kwa Wamashariki swali hilo halipo: mapokeo ni ya kale, na Papa anatajwa katika sala.

Kinachovuta zaidi, hata hivyo, ni ibada yenyewe. Kwa mapokeo ya Kibizanti, yale ya Waukraine na Wamelkiti, padre na waamini wanaelekea upande mmoja. Ubani haukatiki. Sala za Liturujia ya Mtakatifu Yohane Krisostomu zina umri wa karne nyingi, na kamati ya miaka ya 1960 iliyopanga upya Misa ya Roma haikuzigusa. Komunyo hutolewa na padre au shemasi, mdomoni. Kwa aliyechoka kubishana kuhusu gitaa na makofi katika Misa mpya, saa moja na nusu humo ndani ni kama kufika kivulini.

Halafu mshangao unaanza. Wa kwanza ni magoti. Mpenzi wa Misa ya Kilatini huona kupiga magoti ndiyo heshima yenyewe, naye anaingia mahali ambapo siku ya Dominika watu husimama, kwa sababu Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, katika kanuni yake ya 20, ulikataza kupiga magoti Dominika, siku ya Ufufuko. Hawezi kuwaambia kwamba wameacha ya kale. Ya kwao ni ya kale kuliko ya kwake.

Wa pili ni kimya, nao nadhani ndio unaouma zaidi. Misa ya Kilatini iliyosomwa asubuhi na mapema, padre na mhudumu mmoja, waamini na rozari zao, haina ndugu yake Mashariki. Liturujia ya Kibizanti huimbwa tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kawaida bila kinanda, na “Bwana, utuhurumie” hurudi tena na tena hadi mgeni anapoteza hesabu. Aliyezoea kusali kwa kunyamaza anahitajika kuimba.

Kuna mengine. Mtoto mchanga anabatizwa, anapakwa krisma, mafuta ya Kipaimara, palepale, na anapewa Ekaristi, bila kungoja mafundisho ya Komunyo ya kwanza wala askofu wa Kipaimara. Kwa Wabizanti hakuna Jumatano ya Majivu. Kwaresima huanza Jumatatu, na katika siku zake za kazi Liturujia kamili haiadhimishwi. Padre anaweza kuwa na mke na watoto. Katika Nasadiki, sala ya kukiri imani, parokia nyingi husema Roho Mtakatifu “atokaye kwa Baba” na kuishia hapo, bila “na Mwana” kama wasemavyo Walatini. Mtu aliyekuja akiwa na katekisimu kichwani anaweza kudhani amesikia uzushi. Roma yenyewe ilikwisha kutamka katika karne ya 18, chini ya Benedikto XIV, kwamba Wagiriki-Wakatoliki hawalazimiki kuyatamka maneno hayo, mradi wanaamini yanachofundisha.

Halafu kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui wanapoingia. Kwa karne kadhaa Wakatoliki wa Mashariki waliishi chini ya shinikizo la kufanana na Walatini. Baadhi ya kuta za ikoni ziliondolewa, sanamu zikaingia, rozari ikachukua nafasi ya Masifu ya Jioni, watoto wakacheleweshwa Komunyo. Sinodi ya Zamość ya mwaka 1720 iliwaingizia Warutheni, Wagiriki-Wakatoliki wa nchi ambazo leo ni Ukraine na Belarusi, maneno “na Mwana” ndani ya Nasadiki. Marekani mambo yalifika pabaya. Mwaka 1889 padre Mgiriki-Mkatoliki Alexis Toth alijitambulisha kwa Askofu mkuu John Ireland wa Saint Paul, Minnesota, naye akakataa kumtambua, kisa aliwahi kuoa, ingawa alikuwa mjane. Mwaka 1891 Toth na parokia yake waliingia Uorthodoksi, na maelfu wakawafuata. Leo Waorthodoksi wanamheshimu kama mtakatifu.

Na ni nani aliyewaagiza Wamashariki warudi kwenye asili yao? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uleule ambao wapenzi wengi wa Misa ya Kilatini wanautazama kwa jicho la shaka. Hati yake juu ya Makanisa ya Mashariki, ya tarehe 21 Novemba 1964, inasema kwamba pale walipoyaacha mapokeo ya mababu zao kwa sababu za nyakati au za watu, wajitahidi kuyarudia. Kwa hiyo paroko wa Mashariki anayepunguza sanamu na kurudisha Masifu ya Jioni anautii Mtaguso. Mgeni anayemwomba aweke rozari ya pamoja kabla ya Liturujia, na mahali pa kupigia magoti, anamwomba arudishe kilekile walichofundishwa kukitoa. Mimi ningemsamehe mgeni, maana anatamani tu kitu alichopoteza. Lakini paroko naye ana kumbukumbu zake.

Isitoshe, “Mashariki” si kitu kimoja. Ukiingia parokia ya Wamaroni unaweza kumkuta padre akiwaelekea waamini, kama ilivyo katika Misa ya Paulo VI. Kwa Wasiro-Malabari, suala hilo la padre kuelekea wapi liligawa watu vibaya. Mwaka 2021 sinodi yao iliamuru utaratibu mmoja, kwamba padre awaelekee waamini wakati wa masomo na aielekee altare wakati wa sehemu ya Ekaristi, na katika jimbo kuu la Ernakulam-Angamaly mapadre na waamini wengi waligoma wakitaka aendelee kuwaelekea watu muda wote.

Wenyeji wanawapokeaje wageni hawa? Inategemea. Parokia ndogo ya wahamiaji waliozeeka, ambao watoto wao hawajui tena lugha ya babu, inaweza kufurahi kuona familia changa yenye watoto watano mstari wa mbele. Inaweza pia kuchoka haraka ikiwa baba wa familia hiyo, mazungumzo yote baada ya ibada, anazungumzia Roma na maaskofu wa Kilatini tu. Papa Leo XIV, siku chache baada ya kuchaguliwa Mei 2025, aliwaambia Wakatoliki wa Mashariki kwamba Kanisa linahitaji kurudishiwa ile hisia ya fumbo inayoishi katika liturujia zao, akawasihi wazitunze bila kuzipunguza.

Je, anayesali huko amekuwa wa Mashariki? Hapana. Kanuni ya 112 ya Sheria za Kanisa inasema wazi kwamba kupokea sakramenti katika Kanisa jingine, hata kwa muda mrefu, hakumhamishi mtu. Kuhama rasmi kunahitaji idhini ya Kiti cha Kitume, yaani Roma, ambayo mara nyingi huhesabika imetolewa iwapo maaskofu wa pande zote mbili wamekubali kwa maandishi. Sababu ya “naikimbia Misa mpya” kwa kawaida haitoshi. Na wazazi wote wawili wakiwa Walatini, mtoto wao aliyebatizwa na padre Mbizanti, akapakwa krisma na kulishwa Ekaristi akiwa na siku arobaini, bado anaandikwa Mlatini.