Chakula cha msaada: kula bila hofu, gawa kwa utaratibu

Siku hizi hazipiti siku mbili bila mtu kuja ofisini kuuliza kuhusu chakula cha msaada. Juzi mama mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, mtoto mgongoni, alisimama mlangoni kwangu na mfuko wa kilo 5 za mchele akitaka kuurudisha. Alikuwa amesikia kwamba waliochangia ni Wabudha, na jirani akamwambia ukishaula umeingia dini yao.

Mimi ni afisa lishe, si mtu wa mimbari. Lakini hofu hii imeanza kuwanyima watoto chakula, kwa hiyo nijibu: hakuna anayebadili dini kwa kula wali.

Wabudha wana kisa chao cha zamani kuhusu jambo hilihili. Budha, mwanzilishi wa dini yao, alifika mji wa Alavi huko India ya kale, watu wakakusanyika kumsikiliza. Mkulima mmoja maskini alitaka kuja, ila ng'ombe wake alikuwa amepotea, akashinda akimtafuta porini. Msukuma yeyote anaelewa, ng'ombe haachwi. Alipofika, njaa ilikuwa imemshika. Budha akanyamaza mpaka mtu yule alipopakuliwa chakula na kushiba, ndipo akafundisha. Wafuasi waliponung'unika, aliwaambia njaa ni ugonjwa unaozidi magonjwa yote.

Kutoka hapo ndipo unapopata Ubudha wa vitendo, yaani dini inayoonekana kwa kusaidia watu, jina lililoenezwa na mtawa wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, wakati wa vita vya nchi yake. Mwaka 1966, huko Hualien, Taiwan, mtawa Cheng Yen aliwaomba akina mama 30 waweke akiba ya senti 50 kila siku kwenye vikopo vya mwanzi, na kutokana na akiba hiyo likakua shirika la misaada la Tzu Chi. Akina mama wa vikoba hapa Mwanza hawahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 2008 mtawa Mmarekani, Bhikkhu Bodhi, alianzisha shirika la Buddhist Global Relief ili kupambana na njaa, na fedha zake huenda pia kwenye kilimo na kusomesha wasichana, kwa sababu msichana aliyesoma hulisha nyumba yake vizuri zaidi.

Sasa kwa wanaogawa, wa dini yoyote. Nia njema haiondoi utaratibu. Taasisi ya dini husajiliwa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura 337. Shirika lisilo la kiserikali husajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, na anayeliendesha bila usajili anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kabla ya kugawa, andika barua kwa mtendaji wa kata, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, ukiambatisha cheti, aina na kiasi cha chakula, siku na mahali. Bwana afya akikague kabla hakijapakuliwa garini. Tafadhali msituletee barua asubuhi ya siku ya kugawa.

Ukaguzi huu si usumbufu. Nimewahi kufungua gunia la mahindi ya msaada, nikachota kiganjani, punje zikabaki na vumbi la kijani kwenye vidole. Hiyo ni kuvu, na sumu yake, sumukuvu, haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mahindi ya namna hiyo usimpe hata kuku. Na ile kauli kwamba “maskini hachagui” naomba isisemwe tena mbele yangu.

Kuhusu picha: omba ridhaa kwanza. Mzee akikataa kupigwa picha, mfuko wake apewe vilevile.

Yule mama wa Igoma aliondoka na mchele wake. Nilimwambia mchele peke yake hautamtosha mtoto wa miezi 10. Anunue dagaa wa mafungu pale Mwaloni Kirumba, achague waliokaushwa kwenye chanja, si mchangani. Akimwagia fungu kiganjani na kusikia chembe za mchanga, aliache. Awaoshe, awakaushe tena, awasage, kisha atie kijiko kimoja kwenye uji. Akaniuliza kama na hao dagaa wana dini gani. Nikamwambia ni wa ziwani, mama, mpe mtoto ale.