Je, wajua kwa nini lenzi mbili za kioo kilekile hupishana bei?

Weka mezani lenzi mbili za kioo cha N-BK7, zote za kipenyo cha milimita 50. Kwa macho ni pacha, lakini moja yaweza kugharimu mara kadhaa ya mwenzake. Wengi husema kioo ndicho ghali. Hapana: N-BK7 ni miongoni mwa vioo vya lenzi vilivyo nafuu zaidi. Bei imejificha kwenye mchoro, penye tarakimu za kosa linaloruhusiwa.

Umbo la uso hupimwa kwa leza nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 632.8. Kosa linaloruhusiwa hutajwa kama kipande cha wimbi hilo. Robo ya wimbi ni nanomita 158. Sehemu ya kumi ni 63 tu. Ili kufika huko, fundi hung'arisha kwa oksidi ya seriamu, husubiri kioo kipoe maana joto hukitanua, hupima, hurekebisha, kisha huanza tena.

Kioo chembamba humtesa zaidi. Hugandishwa kwa lami kwenye kishikizo, na lami ikipoa hukivuta. Uso unanyooshwa ukiwa umevutwa hivyo. Kikibanduliwa, kioo hujirudi na uso hupinda. Ni sawa na ubao mwembamba uliopinda: ubane kwenye jiriwa, upige randa hadi unyooke, kisha ulegeze uone. Kwa hiyo mafundi hupendelea unene wa sehemu ya sita hivi ya kipenyo, au angalau usiopungua ya kumi. Kwa milimita 50, unene wa 8 hauna shida. Wa 3 ni kazi ya kubembeleza.

Na mara nyingi usahihi huo haukuhitajika! Kwenye kioo cha kuakisi, kosa la uso huhesabika mara mbili, kwani mwanga huenda na kurudi. Kwenye uso wa lenzi ya N-BK7 huhesabika nusu tu. Yaani lenzi huvumilia kosa mara nne zaidi.

Mikwaruzo nayo huogopwa kupita kiasi. Kipimo cha 60-40 (namba ya kwanza ni ya mikwaruzo, ya pili ya vishimo) huruhusu kishimo cha milimita 0.4, ambacho kwenye lenzi hii huziba sehemu moja kati ya 15,000 hivi ya mwanga. Kaza kipimo hicho pale uso unapokaribia mahali taswira inapojiunda, au panapopita leza yenye nguvu kubwa.

Kabla ya kuufunga mchoro, omba kiwandani orodha ya mipindo ya uso ambayo tayari wana vioo vyake vya kupimia. Mpindo usiomo humaanisha kuchongewa jozi mpya ya vioo hivyo vya kupimia, na gharama hiyo utailipa hata ukiagiza lenzi moja.