Koo likiuma, ni lazima antibayotiki?

Wagonjwa wengi wa koo wanaonifikia wameshapitia duka la dawa. Wameuziwa vidonge sita vya amoksilini vilivyokatwa kwa mkasi kutoka kwenye pakiti, basi. Mimi ni daktari wa masikio, pua na koo, na vidonge hivyo sita vinaniuma, kwa sababu karibu havimsaidii mtu yeyote.

Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Uchambuzi wa tafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, uliojumuisha hata wagonjwa wenye bakteria, ulionyesha kuwa takribani watu 82 kati ya 100 huwa wamepona ndani ya wiki moja bila antibayotiki. Dawa hupunguza muda wa kuumwa kwa wastani wa saa 16 hivi. Ukikumbuka kuwa dawa hizo zinaweza kuleta kuharisha, vipele na fangasi za kinywani, kwa mtu mzima mwenye mafua na kikohozi siioni faida. Anywe parasetamol, asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

Kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 nina msimamo mwingine, hasa huku Afrika Mashariki. Bakteria wa streptokoki kundi A wakiachwa kooni, wiki mbili tatu baadaye kinga ya mwili inaweza kuugeukia moyo wenyewe. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, na ikijirudia huharibu vali za moyo, yaani milango inayoongoza damu. Wapo vijana wanaopasuliwa moyo katika hospitali za Muhimbili, Dar es Salaam, na Mulago, Kampala, kwa tatizo lililoanzia kooni. Tangu 1950, utafiti kwa wanajeshi wa Marekani ulipochapishwa, tunajua kuwa penisilini huizuia.

Basi nammulika mtoto kwa tochi. Mafindofindo yamevimba, yana madoa meupe ya usaha? Nabonyeza chini ya taya: tezi zinauma? Joto limepita 38? Halafu nauliza swali ninalolithamini sana: anakohoa? Kikohozi, makamasi na sauti iliyokauka hunielekeza kwenye virusi. Penye kipimo cha haraka cha koo, hicho hukata mzizi wa fitina.

Mwenye dalili za streptokoki simnyimi dawa: penisilini ya kunywa siku 10 kamili, au sindano moja ya benzathini penisilini. Bakteria hawa mpaka leo wanakufa kwa penisilini ya kawaida, kwa hiyo azithromaisini naiweka kwa mwenye mzio. Sasa vile vidonge sita: mwenye virusi havimfai, na mwenye streptokoki havimtoshi.

Mzazi, huna haja ya kukimbilia dukani usiku. Dawa ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inazuia homa ya baridi yabisi. Wa kukimbizwa hospitali usiku huohuo ni mtoto anayedondosha mate kwa kushindwa kumeza, asiyeweza kupanua mdomo, au anayepumua kwa shida.